Mto Uliokula Chumvi

Jumatano, saa kumi na mbili na robo.
Gikomba imeamka kabla ya jua na kabla yangu;
marobota ya mitumba yanapasuliwa kwa visu,
nami niko chini ya daraja, buti za mpira hadi magotini,
nashusha kipimachumvi majini
kama anayemtia mgonjwa kipimajoto kwapani.

Sina haja na rangi. Rangi kila mtu anaiona.
Sina haja na harufu; hiyo hujitangaza yenyewe,
haihitaji mtumishi wa serikali.
Natafuta kilichovaa maji,
kikapita mbele ya macho ya watu wote
bila kuitwa jina.

Namba zinapepesa, zinapanda, zinasita.
Jumatatu: mia sita na kumi.
Jana: mia sita na arobaini.
Leo: elfu moja mia tisa na nne.
Nafuta kioo kwa shati. Narudia.
Elfu moja mia tisa na nne.

Kwetu aliyekula chumvi nyingi
huamkiwa, hupishwa kiti.
Mto huu umekula chumvi kuliko babu zetu wote
na sijasikia hata mmoja akiuambia shikamoo.

Kule chini, Njiru, Syombua hana kipimo.
Ana ulimi, na ana sukuma wiki
zinazoungua pembeni kama barua iliyookolewa motoni.
Kiangazi kikikaza, udongo wake huvaa unga mweupe.
"Shamba langu linaota mvi," aliniambia,
akacheka, kisha hakucheka.
"Na hiyo namba yako, nikiipanda itaota?"
Nikasema itafika ofisini.
Akasema, "Aa."

Basi leo sikushuka na mto. Nimeupanda.
Chumvi haina nyayo, ila ina ngazi.
Kirichwa: mia tatu na themanini. Si wewe, pita.
Mtaro wa Kawangware: juu kidogo,
sabuni na mikojo ya watu. Si wewe.
Hadi Dagoretti, nyuma ya ukuta wa mabati,
bomba la inchi nne limejikunyata chini ya magugu.
Kipimo kikapanda, kikapanda,
kikakosa namba ya kuniambia.

Nilijua kabla sijachungulia.
Ngozi mbichi za ng'ombe, zimelaliana kama shuka,
chumvi ya mawe kati ya hii na ile,
huoshwa Jumanne usiku
kwa ajili ya lori la Jumatano.
Nilijua kwa sababu baba yangu, Gathungu,
alikuwa akirudi nyumbani na nyufa nyeupe viganjani
na mama akimkemea: usimshike mtoto, hujanawa.
Siku moja nililamba kidole chake.
Nilidhani baba wote wana ladha hiyo.

Karo yangu, kidato cha kwanza hadi cha nne,
ilichotwa kwa koleo, ikamwagwa juu ya ngozi,
ikaoshwa Jumanne.
Kitabu cha kemia nacho.

Fomu ina Mahali, ina Saa, ina Kiwango,
na mstari mmoja mfupi wa Maoni.
Nimejaza Mahali. Mkono ulisita, nimejaza.
Kiwango nimekiandika kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi,
wasije wakasema sifuri ilijiongeza.
Kwenye Maoni: Chumvi ikung'utwe kwa ufagio
kabla ngozi haijaguswa na maji. Inawezekana.
Sikuandika ni nani aliyewahi kuwaambia hivyo
akaonyeshwa lango.

Kisha nikampigia Syombua.
"Usinyweshe leo, wala kesho."
Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.
"Mpaka lini?"

Kipimo kilikuwa bado mkononi,
kinadondoka.